Chuma Akataa Kahawa

Kijiwe chetu cha Misugusugu, hapa Kibaha, ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka langu la vifaa vya shule, kwa hiyo nipende nisipende, nasikia. Salehe anauza kahawa. Maulidi tunamwita Profesa, kwa sababu kila uongo wake huanza na neno “kisayansi”. Hussen ni Waziri. Hajawahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua. Na Faraji wa bodaboda ndiye Chuma, mtu ambaye hata mafua yanamkwepa. Asubuhi hiyo Chuma alirudisha kikombe, na kashata akairudisha.

— Nimekatazwa. Kesho naingia kwenye utafiti wa dawa ya kisukari.

— Kumbe una kisukari? Waziri aliuliza.

— Sina. Ndiyo maana wamenichukua.

— Hebu rudia, Profesa alisema. Mzima anameza dawa ya ugonjwa asio nao?

— Wanaangalia kama ina madhara, kabla hawajawapa wagonjwa. Wanyama wameshapewa. Binadamu bado. Sisi ndio wa kwanza.

— Wa kwanza Kibaha?

— Duniani.

Salehe aliacha kumimina.

— Kisayansi, Profesa alianza, hiyo dawa inawinda sukari. Ikiikosa kwenye damu inahamia kwenye nyama. Utarudi mchungu kama shubiri, mbu akikuuma anatema.

— Achana na huyu, Waziri alisema. Mimi taarifa ninazo. Wakishakupa wanakukamua damu, na hiyo damu ndiyo dawa yenyewe. Chuma anakwenda kuwa kiwanda.

— Na wengine tutapewa kidonge kitupu, kisicho na dawa, Chuma alisema. Hatuambiwi nani kapata kipi. Hata nesi anayekupa hajui.

Nilitoa kichwa dirishani nikawaambia ndivyo inavyofanywa, ili mtu asijidanganye na matokeo. Profesa akasema ndicho alichotaka kusema.

— Unaogopa? Salehe alimuuliza.

— Jana sikuogopa. Leo nimeamka naogopa. Wamesema naweza kujitoa wakati wowote, hata nikiwa mlangoni.

— Basi jitoe, kaka, Waziri alisema. Nani atakucheka?

Chuma alikuwa anazungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni.

— Asalaam aleikum.

Alikuwa mama mtu mzima kutoka Kurui, anatafuta pikipiki ya kumpeleka kliniki. Tukampa shikamoo, akaitikia, akaketi apumue. Kahawa alipokea, kashata akaisukuma.

— Sukari, wanangu. Mimi na yeye tumezeeka pamoja.

Akafungua pindo la kanga, akatoa kidonge, akakimeza na maji. Waziri akamweleza wazimu wa Chuma, akitegemea kuungwa mkono. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama karatasi ya vidonge iliyobaki mkononi.

— Na hivi vyangu, nani alivimeza kwanza?

— Kisayansi, Profesa alisema, na hakuna kilichofuata.

Waziri akatazama barabara. Wote wakageukia dirishani kwangu. Nilijua jina la dawa ile, na kazi yake mwilini, lakini si mtu aliyeimeza kwanza.

— Sijui, mama.

— Hata jina la mtu huyo?

— Hata jina.

Alimtazama Chuma muda mrefu, kuanzia kandambili mpaka kofia, kama vile ndiye aliyekuwa anamtafuta miaka yote.

— Nitakuombea dua, mwanangu.

Chuma alisimama, akapangusa kiti cha pikipiki kwa shati lake mwenyewe.

— Panda, mama, usichelewe foleni.

— Chuma, Salehe aliita, kesho nikuwekee kikombe?

— Usiniwekee.