Hatua Nane Kutoka Kaburi la Ildefons Kamugisha

Ndugu waombolezaji, wa ukoo, wa parokia na wa kazini, mliofika hapa kibanjani Kamachumu leo Alhamisi, tarehe 10 Novemba 1994, familia inawaomba mkae mlipo, msishuke upande wa chini palipozungushiwa kamba, na mtusikilize mpaka mwisho, kwa kuwa historia ya baba huyu ina neno linalowahusu walio hai.

Marehemu Ildefons Kamugisha alizaliwa Jumamosi, tarehe 23 Januari 1937, sikukuu ya mtakatifu ambaye alipewa jina lake, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Privatus na Ma Kokubanza, na nyuma yake akafuatia mdogo wake, Ta Karugendo, tuliye naye hapa. Alisoma hapa Kamachumu kuanzia mwaka 1945 hadi 1952, kisha akajifunza useremala na uezekaji Bukoba mjini, akahitimu Desemba 1955.

Mwaka 1956 aliajiriwa kuwa fundi wa mapaa, akapanga chumba Kibeta, na kwa miaka ishirini na saba akaezeka nyumba za watu kwa mabati ya asbesto, yale ya kijivu yenye mawimbi, yaliyosifiwa kuwa hayashiki kutu wala hayapigi kelele mvua inaponyesha. Aliyakata kwa msumeno wa mkono, na kila baada ya inchi chache alipuliza vumbi kwa mdomo ili auone mstari wa penseli, wala hakuna aliyemwambia kwamba vumbi lile halitoki kifuani.

Alifunga ndoa na Skolastika tarehe 11 Julai 1964, wakajaliwa watoto watatu, Privatus mwaka 1966, Immakulata mwaka 1969 na Benigna mwaka 1971. Mama yetu alikuwa na desturi ya kukung'uta nguo za kazi kwenye nguzo ya mlango kabla ya kuziloweka, akijisifu kwa majirani kwamba mume wake anarudi mweupe kama mwoka mikate.

Vita vilipoanza Oktoba 1978 aliileta familia hapa Kamachumu, lakini Februari 1979 akarudi Bukoba, akiwa mmoja wa watu kumi na wawili walioitwa kuondoa mapaa yaliyopasuliwa na mishindo ya mizinga, wakayabeba mapande yale kwa mikono mitupu na kuyafagia kwa mafagio makavu. Kati ya hao kumi na wawili, aliye hai leo ni Ta Magesa peke yake, aliyekuwa dereva wa lori, na hatusemi kwamba wote waliuawa na vumbi, kwa kuwa hatuna ushahidi wa wote.

Mwaka 1983 pumzi ilimpungukia, akaacha kazi na kurudi nyumbani. Lakini Juni 1986 aliombwa kusimamia uezuaji wa ghala la zamani la kahawa la hapa jirani, na safari hii alikabidhiwa karatasi yenye masharti tisa, aliyoibandika nyuma ya mlango wake hadi anafariki. Karatasi iliagiza kwamba mabati yaloweshwe kabla ya kuguswa, yafunguliwe parafujo moja moja wala yasivunjwe, yasikatwe kwa msumeno, watoto wasisogee, nguo za kazi zisipelekwe nyumbani, kila bati lifungwe nailoni mara mbili, yasafirishwe yakiwa yamefunikwa, yazikwe kina cha futi saba, mbali na maji, mahali patakapoonyeshwa na ofisi, na mahali hapo pawekwe alama ya kudumu. Waliokuwepo wanasema aliposoma sharti la nguo alikaa chini kwenye matofali, akauliza tu kama karatasi hiyo ilikuwa ya siku nyingi.

Mahali pa kuzikia hapakuonyeshwa. Aliiandikia ofisi hiyo barua tatu, tarehe 2 Julai, 30 Julai na 19 Agosti, bila kujibiwa, na mabati mia moja na kumi na mawili yakabaki kando ya njia, na watu wakaanza kuja kuyachukua usiku na mchana, huyu ya kuanikia kahawa, yule ya banda la kuku, na akina mama wakagundua kwamba unga wake unang'arisha masufuria. Ndipo alipoamua kuyazika katika kibanja chake mwenyewe, na walipomuuliza kwa nini asiyapeleke rweya, alijibu kwamba nyasi za rweya ni za kila mtu na hazina macho, bali migomba yake anaiamkia kila siku. Alizika mabati tisini na saba katika mashimo mawili, la juu na la chini, akaandika kwenye daftari hatua kutoka mlango wa jiko, na juu ya kila shimo akapanda miti minne ya emilamula.

Wote mliozaliwa huku mnajua mlamula maana yake ni mpaka. Ta Karugendo, ambaye ametuombea yeye mwenyewe tuliseme jambo hili, alipoiona katikati ya kibanja alimwambia kaka yake, “Waitu, unawakatia wasichana wako ardhi ya ukoo mchana kweupe?”, na marehemu akacheka hadi akakohoa, akasema, “Ningekuwa nawakatia wanangu, ningewapa huko chini, kwenye kifo?” Mdogo wake aliona anafanyiwa mzaha. Machi 1990, marehemu akiwa amelazwa hospitali, mdogo wake huyo aling'oa emilamula yote minane. Shimo la juu lilipatikana tena kwa sababu lilikuwa karibu na njia. La chini halikupatikana, kwa kuwa jiko lilianguka kwa mvua za Aprili 1988 likajengwa upande mwingine, na hatua za kwenye daftari zikabaki zinahesabiwa kutoka mlango usiokuwepo.

Mama Skolastika alifariki tarehe 2 Machi 1989 kwa ugonjwa wa kifua. Kaka Privatus alifariki tarehe 19 Agosti 1991 kwa UKIMWI, na familia ilitamka jina la ugonjwa huo kaburini, wala haioni aibu kulitamka tena. Baba alipokonda, wengi walisema ni huo huo. Vipimo vya Mei 1993 havikuuona, na daktari aliyesoma picha ya kifua alisema mapafu yamekakamaa kwa vumbi la asbesto. Miezi yake ya mwisho aliitumia kupita migombani na fimbo, akichoma udongo, akipumzika, akichoma tena, na neno alilowaachia wanawe ni kwamba shimo lile litafutwe kabla mtu hajalima. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 8 Novemba 1994, saa tisa alasiri, akiwa ameishi miaka hamsini na saba, miezi tisa na siku kumi na sita.

Jana asubuhi vijana wanne walipokuwa wakichimba kaburi la baba upande wa chini wa kibanja, jembe lilichana nailoni. Walisimama, wakamwaga ndoo kumi na nne za maji, wakafukia, na nguo zao zimefungwa hadi sasa. Kaburi limehamishwa, na baba atalala hatua nane upande wa juu wa shimo alilolitafuta. Ta Karugendo amesema mbele ya ukoo kwamba mlamula aliweza kuung'oa, lakini msalaba wa kaka yake hakuna Mhaya atakayeung'oa, na alfajiri ya leo amepanda mingine minne kwa mkono wake.

Yamebaki mabati kumi na matano yaliyochukuliwa njiani. Mawili tumeyaona leo yakikinga moto wa masufuria ya msiba huu. Mwenye nayo asiyavunje, asiyasugue, asiyatupe, ayaloweshe maji na kumwita Ta Magesa, anayejua kuyafunga.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomtunza, Ta Magesa na mafundi walioezua ghala, majirani waliolala nasi, na vijana wale wanne waliojua kusimama jembe lilipogusa.

Baba, shimo limeonekana, tumelihesabu upya kutoka kwako. Pumzika kwa amani.