Mama Hataniwi

Shikamooni, wazee wangu. Msiitikie kwanza. Ngojeni msikie nilichofanya, halafu mkiona bado nafaa kupewa marahaba, mtanipa.

Nilimtania mama yangu mzazi. Hadharani, pale bombani, mbele ya wanawake wa kambi nzima, nimevaa kanga yake. Ninyi nyote wanachama mliomo humu, wa hapahapa Kilosa na mlioletwa na mkonge kutoka mbali, mnajua utani una njia zake. Bibi anataniwa. Shemeji anataniwa. Mtani wa kabila unaweza hata kumchukulia kuku wake na asiseme neno. Mama hataniwi. Na mimi nilijua.

Ilikuwa hivi. Tumbo la mama lilikuwa limeanza kutoka. Alimzaa dada yangu, akanizaa mimi, akazaa wengine wawili wasiokaa duniani, halafu pakawa kimya miaka mingi. Mimi nikaona hii habari njema inacheleweshwa bure. Baba alikuwa ameanika nyuzi za mkonge za kusokotea kamba. Nikachukua fundo kubwa, nikalifunga tumboni, nikashika ndoo tupu, nikaenda bombani mkono kiunoni, napumua kama gari moshi linalopanda mlima wa Kidete.

"Jamani nipisheni," nasema kwa sauti ya mama. "Huyu wa safari hii anapiga teke kama punda!"

Wanawake walicheka mpaka wakamwaga maji. Mmoja wenu, na nimeambiwa nisitaje mtu, alikaa kwenye tope na kitenge kipya. Nilipogeuka, mama yuko nyuma yangu na ndoo yake.

Nikafumba macho kungoja kofi. Halikuja. Mama aliliangalia tumbo langu la mkonge, akashika lake, akacheka.

"Haya," akawaambia. "Kama mmekwisha kuambiwa, basi mmeambiwa."

Ndugu zangu, nawaambia, siku ile nilijiona mwanaume. Jua halijazama, kambi yote inajua. Kesho yake akina mama wakamnyang'anya ndoo, hawataki ateke maji. Mmoja akamletea udongo wa kichuguu wa kutafuna. Baba, ambaye akirudi kukata mkonge hana nguvu ya kuondoa hata mwiba mkononi, alikuwa anaketi mlangoni akisuka kitanda kidogo cha kamba. Anasuka na kuimba! Baba yangu na kuimba, mnajua wenyewe, ni kama jogoo aliyekanyagwa. Lakini hakuna aliyemnyamazisha.

Miezi ikaenda. Mama anakula vijiko viwili vya uji, anasema ameshiba. Uso wake unarudi nyuma, tumbo linakwenda mbele. Wanawake wakasema, "Huyo dume, anamla mama yake." Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Sasa bibi yangu. Mama mzaa mama, mtu wa Vidunda, mkunga wa milimani kule. Alikuwa ameteremka Mikumi kumngojea dada yangu, aliyeolewa na kijana wa kazi ya barabara, kwa sababu dada naye alikuwa mjamzito. Akasikia eti na binti yake amebeba. Akadandia lori akaja huku, amejaa maneno mdomoni.

Aliniona mimi kwanza. "Mume wangu! Mbona umekonda hivi? Unapikiwa na nani siku hizi?"

"Na mke mdogo, bibi. Yule mwenye meno."

"Basi na akung'ate."

Akaingia ndani anacheka. Akamlaza mama mkekani, akaweka viganja vyake tumboni. Mimi niko mlangoni nangoja neno lake, nilirudie shuleni. Aliminya huku, akaminya huku. Akakaa. Akaminya tena, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha gizani. Kicheko kilimtoka usoni chote.

"Hapa hamna mtu," akasema.

Wazee wangu, nimechapwa viboko vya kila aina katika shule ya serikali ya Mwingereza. Hakuna kilichowahi kuniuma kama maneno yale matatu.

Kesho yake baba alimpeleka mama kwa dresa wa zahanati ya kambi, dresa akampeleka kwa daktari, daktari akaandika apande gari moshi kwenda hospitali kubwa ya pwani. Dresa ndiye aliyetueleza kwa Kiswahili. Alisema mwanamke ana vifuko viwili ndani vya mayai ya uzazi, na kimoja cha mama kimeota nyama mbaya, saratani, ndiyo iliyomjaza maji tumboni. Siku nyingine mtu angeniambia mama yangu ana mayai, ningekuwa na maneno ya wiki nzima. Siku ile nilitazama viatu vya dresa.

Walimpasua. Waliondoa vile vifuko na nyumba yote ya mtoto. Baba aliporudi naye, alisimama stesheni ameshika kibuyu cha mama, akasema bila kumtazama mtu, "Wametoa kilichotoka. Kingine kimeshika pasipotoleka. Daktari amesema tungemleta mapema."

Mapema. Nikarudi nyuma kwa mawazo, mwezi kwa mwezi, mpaka nikafika bombani. Nikajiona pale na tumbo la mkonge. Ni mimi niliyewaambia watu ni mimba. Nani angempeleka hospitali mwanamke ambaye kambi nzima inamletea udongo?

Tangu hapo maneno yakanikauka. Darasani kukawa na utulivu hadi mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nyumbani ndiyo usiseme. Kile kitanda kidogo kilisimamishwa ukutani, hakuna aliyekitazama na hakuna aliyekiondoa.

Maji yalirudi tumboni. Yakirudi, mama anapelekwa hospitali ya hapa, anatobolewa ubavuni, anawekewa mpira mwembamba, maji yanachuruzika kwenye ndoo. Mara moja niliachwa kumshikia mkono. Ilikuwa ndoo ya bati, kama ile niliyokwenda nayo bombani. Yalivyokuwa yanalia yakidondoka! Nilimwambia mama nakwenda kujisaidia, nikatoka nje nikaziba masikio.

Halafu furaha ikabisha hodi, maana furaha haina adabu, haiulizi kama nyumba iko tayari. Dada amejifungua Mikumi! Mtoto wa kike, amepokelewa na mikono ya bibi. Mama alikaa kitandani akasema, "Hicho kitanda kipelekeni kwa mwenyewe." Baba akakishusha ukutani, akakipangusa vumbi kwa shati alilolivaa.

Kabla hatujaondoka, furaha ikakatwa. Habari ya pili ilifika nyuma ya ile ya kwanza. Bibi alimwogesha mtoto asubuhi, akampa dada, akaenda kuketi ukutani kuota jua. Walipomwita kula hakuitika.

Ninyi wa chama hiki cha kuzikana mlitafuta lori, mkatupakia sisi na mahindi na kile kitanda. Mlimtandikia mama magunia ili mashimo ya njia ya Mikumi yasimuumize. Nyapara naye alikuja, na tumbo lake. Mzee, usiniangalie hivyo, linakuhusu mbele kidogo.

Pale msibani nilikuwa natafutwa. Mjukuu ndiye anayemtania bibi siku ya kumzika: anamwigiza, anamdai, anaziba mlango asitoke. Bibi akizikwa bila utani ni kama amezikwa mtu asiye na kwao. Na mjukuu wa kiume alikuwa mimi peke yangu. Nilijificha nyuma ya jiko. Nikasikia wazee wa Vidunda walioteremka mlimani wakiulizana, "Mume wake yuko wapi? Mbona mke wake anasindikizwa kimya hivi?"

Aliyenipata ni mama. Alikuja amejishikilia ukuta, mkono mmoja kwenye mshono. Hakuwa amelia. Tangu apate habari hakuwa ametoa hata chozi, na dada alikuwa ameanza kuogopa.

"Inuka," akasema.

"Mama, siwezi. Mimi siku hizi sitanii."

"Sikukuuliza siku hizi. Mama yangu hazikwi kimya. Inuka."

Nikainuka. Nikafunga kanga ya bibi, nikashika fimbo yake, nikaenda kusimama mlangoni mbele ya jeneza. Nikatafuta la kusema, nikakuta mikono yake bibi imekuja yenyewe. Nikamfuata mzee wa kwanza, nikaweka viganja tumboni, nikaminya huku na huku.

"Hapa hamna mtu," nikasema kwa sauti ya bibi. "Hapa mna ugali wa jana."

Watu wakaguna. Nikamfuata wa pili. "Hapa hamna mtu. Hapa mna pombe ya jirani, na jirani hajui." Wakaanza kucheka. Nikafika kwa nyapara. Nikaminya, nikaita mkunga mwenzangu anisaidie, nikaminya tena. "Mapacha!" nikapiga kelele. "Na wote wanafanana na bwana meneja!" Hapo hata wabeba jeneza waliliweka chini.

Nikawa naenda hivyo, mtu kwa mtu, watu wanalia kwa kucheka, nikageuka kumfuata mwingine, viganja vimeshanyooka. Mbele yangu ni mama.

Watu wakashika vinywa. Hakuna asiyelijua lile neno linalofuata. Nilitaka kurudisha mikono. Mama akaishika yote miwili. Akaivuta, akaibandika tumboni pake, juu ya bandeji, akaniangalia, akangoja.

Sikuwa na sauti ya bibi tena. Niliyokuwa nayo ni yangu.

"Hapa," nikasema, "hapa alikaa mjinga mmoja. Kichwa kikubwa. Alipewa chakula bure, na kodi hakulipa."

Mama alicheka. Alicheka kwa kweli, amejikunja ameshika mshono, "Polepole, wewe, unanipasua," na kile kicheko kikageuka katikati ya koo lake, akamlilia mama yake. Alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Dada akaja na mtoto, baba akaja, tukamshika. Watu wakamwinua bibi, wakaenda naye.

Siku iliyofuata mama aliketi pale ukutani alipoketi bibi, mtoto yuko kwenye kitanda cha baba miguuni pake. Nikachuchumaa karibu. Nikamwambia yote. Kwamba mchezo wangu wa bombani ndio uliomchelewesha. Kwamba kama si mimi angepona.

Alimfunika mtoto vizuri. Halafu akasema, "Mimba naijua. Nimebeba nne. Siku ile bombani nilikuwa nimekwisha kujua si mimba. Nilikuwa naogopa kisu. Wewe ukanipa pa kujificha, nami nikaingia. Aliyejificha ni mimi. Usiniibie na hilo."

Ndugu zangu, sijui kama hayo yalinitua mzigo au yaliniongezea. Siku nyingine naona yamenitua. Siku nyingine nikisikia maji yanadondoka kwenye bati naondoka hapo.

Lakini nimerudi kusema. Mwalimu ni shahidi, ameshanichapa mara mbili tangu turudi, na ya pili naona alikuwa na furaha.

Nawashukuru. Aliyeleta udongo wa kichuguu, usijilaumu, mama anasema ulikuwa mtamu. Walioteka maji yake, mnaoyateka mpaka leo. Aliyekaa naye kwenye gari moshi mpaka pwani ilhali ana watoto wadogo nyumbani. Nyapara aliyempa baba ruhusa, na tumbo lako, mzee, lililomzika bibi yangu kwa heshima. Nawaachia hili moja, na mimi si mtu wa kuachia watu mafundisho: mwanamke wenu tumbo likitoka, furahini, sukeni kitanda, imbeni hata vibaya kama baba yangu. Lakini mpelekeni akaguswe na mtu anayejua. Msije mkamzungushia vicheko mpaka akakosa pa kusemea kwamba anaogopa.

Leo alikuwa asimame mama hapa kuwashukuru, mimi nikae kule nyuma na wenzangu nikiwacheka mnaolia. Kiti chake mnakiona. Maji yamerudi tena, juzi, na safari hii yamekuja haraka. Amenituma niseme yote, hata la bombani. Basi nimesema. Shikamooni, wazee wangu.

Asanteni.

Nimebakiza neno moja. Ni lile alilomalizia pale ukutani Mikumi, nilipodhani amekwisha kuongea. Alikuwa anamfukuzia mtoto nzi kwa ncha ya kanga, hata hakunitazama. Alisema hivi:

"Bibi yako umemtania vizuri. Mimi hutanitania. Mama hataniwi. Siku yangu wewe utalia kama watoto wa watu. Wa kunitania mimi ni huyu hapa, na bado hajui hata kusema. Kwa hiyo mnivumilie. Namngoja."