Mama wa Malkia Hana Chanzo

Ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kariakoo, Sitara na Twaha, wanaoandika "wiki" ya gemu moja, ile tovuti ambayo wachezaji wenyewe huandika na kufuta kurasa, walikuwa wanagombana. "Umefuta ukurasa wangu wote wa mama wa malkia!" Sitara alisema. Twaha akajibu, "Hauna chanzo." "Chanzo ni faili la gemu lenyewe! Nimelifungua, jina lake limo." "Limo, ila ukicheza humwoni popote. Labda watengenezaji walighairi. Msomaji atahakikishaje?" "Alifungue kama mimi!" "Kila mtu ana kompyuta?" Sitara akasonya. "Usinichoshe, Twaha. Waliotunga gemu waongo, mkweli wewe?"

Mimi niliyekaa kiti cha nyuma yao sichezi hata karata, lakini nilishaanza kumhurumia huyo mama.

Basi liliposimama Jangwani, Sitara alishuka huku anaurudisha ukurasa kwa simu. Twaha akatoa yake, akaufuta tena.