Kulia kwa Kongo, Kushoto kwa Kahama

Kijiwe cha Mayala kipo Kahama, kwenye kona ya barabara iendayo Kakola: benchi moja lenye mguu mbovu, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na watu wanaojua kila jambo la dunia hii isipokuwa la kwao wenyewe. Jioni hiyo walikuwa na mgonjwa wa kumtibu. Ndaki ameendesha magari ya mgodini huko Kolwezi, Kongo, miaka tisa, na kule gari hushika kulia. Amerudi nyumbani, amepata kazi ya kupeleka wafanyakazi mgodini Bulyanhulu, lakini mwajiri anataka leseni ya hapa. Kesho asubuhi anapanda gari na trafiki, ajaribiwe upya. Akifeli, kazi anapewa mwingine, naye anarudi Kongo. Na mwanawe wa mwisho ndiyo kwanza ameacha kumwita mjomba. Na Ndaki alijijua: hofu ikimpanda tu, mikono huvuta usukani kulia.

— Tatizo lako dogo sana, alisema Magesa, ambaye wote humwita Getini. Mimi nimefungua geti Buzwagi mpaka mgodi umefungwa. Dereva namjua kwa macho. Wewe dereva, ila umekaa Kikongo.

— Kikongo ndiyo kukaaje?

— Si hivyo ulivyokaa!

Ndaki akajitazama, akasogea kidogo kwenye benchi.

— Acheni porojo, alidakia Fredy wa bodaboda, waliyempa jina la Afande kwa jinsi anavyopenda kuitaja sheria. Sheria inasema kushoto. Kushoto! Barabara siyo shamba la pamba, kwamba kila mtu anakatiza anapotaka. Mtu akishika upande wa mwenzake, huyo ni muuaji.

— Sikiliza dawa hii, alisema Mayala huku akimimina kahawa. Mkono unaomegea ugali ndio ukae katikati ya barabara. Basi. Hapo hukosei hata ukiwa usingizini.

Benchi zima likaguna kwa kuridhika. Ndaki akakitazama kikombe chake kilivyo mkononi.

— Mimi natumia shoto.

— Aaah! Getini akapiga paja. Ndiyo maana Kongo walikupokea! Wale Wabelgiji waliowatawala walikuwa mashoto watupu, wakachora barabara zao kwa mkono huo.

— Nani kakwambia?

— Mtu mmoja pale getini.

— Yuko wapi?

— Alihama.

— Basi aanze na rivasi, alisema Mayala. Si ukigeuka nyuma, kulia kunakuwa kushoto? Mwambie trafiki: afande, mimi naendesha kinyumenyume.

— Mpaka wapi?

— Mpaka akuonee huruma.

Walicheka, Ndaki hakucheka. Simu ya Afande ikaita, abiria anasubiri. Akawasha pikipiki.

— Sheria nitaimalizia nikirudi, alisema, akatokomea.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja wa makamo, kapu la kuku mkononi, vumbi la safari miguuni.

— Mwadila, jamani, alisalimia kwa Kisukuma.

— Shikamoo, mama, alisema Ndaki akimpisha akae.

— Marahaba, bhabha. Sikai. Natoka Mhunze, naenda kwa binti yangu, nyumba ile pale ng'ambo. Nimesimama pale ukingoni muda mrefu kama kisiki, naogopa. Eti, pikipiki za hapa huwa zinatokea upande gani?

Getini akajitia kutafuta kitu mfukoni. Mayala akainama kupuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu. Pikipiki moja ikapita kulia, nyingine kushoto, ya tatu ikapita mtaroni.

Ndaki akaona aibu. Akapokea kapu, akamshika mama mkono, wakasogea hadi ukingoni. Kabla hajawaza lolote, shingo yake ikageuka yenyewe: kulia, kushoto, kulia tena, kama mama yake alivyomfundisha alipokuwa akivuka kwenda shule, si kushoto kwanza kama Kongo. Ndaki akaduwaa. Kumbe kwao hakukumtoka! Miaka yote ile ya Kolwezi, shingo ilikuwa bado inaishi nyumbani. Akajisikia mwepesi, akajua kesho ataweza.

— Twende, mama. Kulia kweupe.

Hatua ya pili tu, pikipiki ikawajia mbio kutoka kushoto, ukingo uleule, inakuja kinyume na magari yote. Breki zikalia, kuku wakapiga kelele, gurudumu likasimama miguuni pa Ndaki. Alikuwa Afande, abiria nyuma.

— We Ndaki! alifoka. Huangalii? Ndiyo kesho unataka leseni, wewe?

Akawazunguka, akaendelea upande uleule.

Mama akamsindikiza kwa macho.

— Unamjua yule?

— Ni mwalimu wangu, mama.