Yustus Kyomukama wa Kimuli, Aliyeuvika Ukuta Mbao

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Kimuli, na ninyi mliotoka Kayanga na Nyakahanga kuja kutusitiri, familia imenisimamisha mimi, Novatus, mdogo wake marehemu, nieleze alikotoka ndugu yetu na alivyoishi, na nitaeleza kama ilivyokuwa, maana wengi wenu mlikuwepo, na kumpamba mtu mbele ya watu waliomjua ni kujiaibisha.

Yustus Kyomukama alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 hapa hapa Kimuli, mahali ambapo siku hizi ni Wilaya ya Kyerwa na ambapo sisi tulikua tukipaita Karagwe tu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ambrose na marehemu mama Benadeta, akabatizwa mwaka huo huo. Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akamaliza darasa la saba mwaka 1976, hakuchaguliwa kuendelea, wala hakulilia hilo, kwa sababu akili yake ilishahamia kwenye karakana ya fundi mmoja wa Kayanga, alikojifunza useremala kuanzia Januari 1977 hadi mwisho wa 1979. Aliporudi alishika kazi mbili, kibanja cha baba chenye migomba na kahawa, na randa yake, akitengeneza milango, meza, vitanda na majeneza, na wazee wengi waliozikwa kijijini hapa wamelala ndani ya kazi ya mikono yake. Alikuwa mtu mkimya na mkaidi, neno likishamtoka limetoka, na tuliokua naye tulijua kwamba kumbishia ni kupoteza muda.

Tarehe 20 Septemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu Anatolia, huyu mnayemwona hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume ambaye Mungu alimchukua mwaka 1988 kabla hajatembea, na wa pili Laurensia, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1991. Binti huyo alipendwa, msisikie vingine, na alipofikisha miaka minane baba yake alimtengenezea kitanda cha mbao za msizi, akachonga kwenye ubao wa kichwani tawi la mbuni lenye matunda yake, kazi nzuri kiasi kwamba watu walikuja kutoka kitongoji cha pili kukitazama kitanda cha mtoto.

Laurensia alipata mimba akiwa na miaka kumi na minane, bado yuko shuleni. Katika ukoo wetu baba akimkataa binti hamfukuzi kwa maneno, anatoa kitanda chake nje, na mtu ambaye kitanda chake kiko nje anaelewa kwamba nyumba ile si yake tena. Siku ya Jumamosi tarehe 11 Julai 2009 Yustus alikitoa kile kitanda, peke yake, akakiweka uani, mvua ikakikuta pale, na Laurensia akaondoka kabla ya jioni na mfuko mmoja. Ulikuwa ukatili, tuuite kwa jina lake. Anatolia alilia mwezi mzima, na siku moja tukaona Yustus amekifumua kitanda na kuzipanga mbao zake vizuri darini.

Mwaka 2014 walijenga nyumba hii ya matofali na ile ya zamani ikabomolewa, na hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo wengi mnamjulia. Hakukubali ubao hata mmoja uende jikoni. Alikusanya milango, fremu za madirisha, nguzo za paa, na mtumbwi wa baba wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu, uliokuwa umepasuka, akang'oa misumari na kuinyoosha, akazipitisha mbao kwenye moto ziwe nyeusi, akazisugua kwa brashi ya waya mpaka nyuzi za mti zikatokeza, akazipaka oili chafu kuwazuia mchwa, kisha akaanza kuzipigilia kwenye ukuta wa nje, ule unaotazama barabara, akiunda picha. Vipande vya ule mtumbwi, kwa kuwa vilikuwa vimepinda tayari, vikawa pembe za ng'ombe, milango ikawa vilima, fremu zikawa migomba. Majirani walimtania kwamba nyumba yake imevaa mitumba, wengine wakasema mzee amechanganyikiwa, lakini bodaboda wakaanza kupunguza mwendo wakifika hapa, na wanafunzi wakasimama kuhesabu ng'ombe.

Katikati ya picha, juu kabisa ya mlango, aliacha nafasi wazi kwa miaka mitatu, na mwaka 2018 akapanda na ule ubao wa kichwani wenye tawi la mbuni, akaupigilia kwa misumari mirefu. Anatolia alimwambia siku ile ile kwamba ubao ule mahali pake ni ndani, naye akamjibu kwamba ndani utaonwa na nani. Alichotaka kilikuwa wazi kwetu sote. Nyumba aliyoijua binti yake ilikuwa imevunjwa, akaogopa kwamba akija ataipita, kwa hiyo akaweka mahali pa kuonekana zaidi kitu ambacho Laurensia asingeweza kukisahau, kumwambia kwamba yeye ndiye aliye juu ya kila kitu katika nyumba hii. Hilo ndilo alilolitaka duniani, mtoto wake arudi, na kwa kuwa kinywa chake hakikujua kuomba msamaha aliiachia mikono.

Laurensia alikuja. Mwezi Agosti 2021 kijana wetu Mbonimpa, dereva wa bodaboda, alimpakia mwanamke mgeni pamoja na mtoto wa kike, akamfikisha mpaka hapo kwenye uzio, mwanamke akamwambia asimame, akautazama ukuta bila kushuka, akasema kumbe mpaka leo kitanda changu kiko nje, tena amekitundika watu wote wakione, akamwomba ageuze pikipiki. Mbonimpa hakujua lolote, wala hana kosa, na wiki iliyofuata alimsimulia Yustus habari hiyo akimsifia kwamba picha yake sasa inavuta hata wageni. Yustus aliketi chini, pale pale kwenye udongo, na Anatolia aliyekuwa anaanika kahawa anasema hakuwahi kumwona mwanamume akiketi namna ile.

Aliung'oa ule ubao siku hiyo hiyo, akakiunga kitanda upya, akakiweka chumba cha pili na kukitandika, na hakuna aliyeruhusiwa kukilalia, hata sisi ndugu tuliotoka mbali tulilazwa chini kwenye mkeka. Alitoa matangazo kanisani na redioni, akaenda Kayanga kuuliza stendi, akampata Laurensia kwa msaada wa Prudensia, binti wa dada yetu, na jibu aliloletewa lilikuwa kwamba asiendelee kumtafuta. Hakugusa tena msumari. Mchwa wameshaingia kwenye vilima na yeye aliwaona na kuwaacha.

Mwezi Machi 2023 alianza kukohoa na kupungua, akatibiwa hospitali ya Nyakahanga, akagundulika kuwa na kansa ya mapafu iliyokwisha kusambaa, akakataa kupelekwa mbali, akisema asingependa mtu aje asimkute. Alifariki hapa nyumbani Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyakahanga, usharika wetu, mafundi wenzake waliomtengenezea jeneza na kukataa kulipwa, na majirani mliomsaidia Anatolia kumgeuza na kumwogesha miezi yote ile.

Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja, na mjukuu mmoja wa kike anayekaribia miaka kumi na mitano, ambaye jina lake sijalisoma kwa sababu hatulijui. Juzi Prudensia alimpigia Laurensia simu akampa habari, Laurensia akauliza mama yake anaendeleaje, kisha akasema tusimsubiri. Tumesubiri hata hivyo, ndiyo maana mmekaa juani tangu asubuhi, na familia inawaomba radhi. Kwetu udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa marehemu, leo nitautupa mimi.

Kapumzike, kaka yangu, na amani uliyoikosa hapa kwako, Mungu akupe huko uendako.