Salvacion Gumban Tupas, Aliyetaka Mtaa wa Almasen Upitike kwa Miguu

Ndugu na majirani mliosimama juani, mimi ni Anselmo, mdogo wake marehemu. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu wengine wote wanalia, na mimi nimechoka tu. Nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa marehemu mwenyewe hakuwahi kumaliza kikao mapema.

Salvacion, ambaye mtaa mzima ulimwita Manang Salbing, yaani dada mkubwa, alizaliwa Miagao tarehe 14 Aprili 1951, mtoto wa kwanza wa marehemu Teopisto Gumban na marehemu Lourdes. Tulikuwa wawili tu. Kwa hiyo nilipata dada mmoja na amri za dada sita.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Miagao. Mwaka 1964 aliletwa hapa Santa Rufina, kwa shangazi yetu, ili asome sekondari kwa masista. Nyumba ya shangazi ilikuwa upande wa kanisa na shule ilikuwa upande wa soko, na katikati ni mtaa wa Almasen. Siku hizo vibaraza vya maduka vilishikana paa kwa paa. Manang alijisifu hadi uzeeni kwamba mvua ingeweza kunyesha tangu alfajiri, naye akafika darasani na viatu vikavu. Alianza chuo cha biashara, lakini baba alifariki mwaka 1970, masomo yakaishia hapo.

Alijifunza ushonaji, na mwaka 1973 akafungua duka lake palepale Almasen. Wengi mliopo hapa mlivaa sare zake za shule. Alishona vizuri na kusema sana, na hakuna mteja aliyeondoka bila kuambiwa kuwa amenenepa.

Tarehe 8 Mei 1976 alifunga ndoa na Crispulo Tupas, dereva wa jipni, yale magari ya abiria, mtu mpole aliyeridhika kusikiliza. Walijaliwa watoto wawili, Delfin na Marivic. Crispulo alifariki tarehe 19 Juni 2009, na hapo ndipo kazi iliyotuchosha sote ilipoanza.

Mnajua matanga yetu. Jeneza liko nyumbani, mahema yako barabarani, magari yanapigwa marufuku mpaka maziko. Kufikia mwaka ule vibaraza vilikuwa vimejaa pikipiki na magunia, na barabara imejaa magari yaliyosimama, kiasi kwamba wazee walikuwa hawavuki tena. Lakini katika matanga ya Crispulo watoto walicheza katikati ya barabara, na Manong, yaani kaka mkubwa, Docto wa duka la saa, aliyekuwa hajavuka kuja upande wetu kwa miaka mingi, alivuka na kiti chake akacheza karata. Manang, mjane wa siku tatu, alisimama mlangoni akatazama.

"Selmo," akaniambia, "kumbe mtaa wetu una watu."

Baada ya hapo alichora mtaa wote kwenye karatasi ya kukatia nguo. Baraza la jiji lilikuwa likiita wananchi kutoa maoni Jumanne asubuhi, wakati wauzaji wako sokoni na mafundi wako kazini. Yeye aliwafuata watu walipokaa, matangani. Aliomba ruhusa kwa wafiwa, akatandaza karatasi kati ya karata na karanga, akampa kila mtu chaki. Ikafika mahali akionekana na karatasi kwapani watu wanaulizana, "Jamani, kafa nani?"

"Hajafa mtu," anajibu. "Bado."

Walibishana humo kwelikweli. Mister Dy wa duka la vifaa vya ujenzi alimuuliza, "Magari yakizuiwa, mteja wangu saruji ataibeba kichwani?"

"Saruji ije alfajiri, Mister Dy. Au siku hizi huamki?"

Ndivyo mpango ulivyopatikana: magari ya mizigo alfajiri, kisha kuanzia kanisani hadi sokoni ni miguu tu, vibaraza vifunguliwe, wauza vitumbua wapate mahali pao penye kivuli. Haukutungwa na mtaalamu mmoja. Ulitoka kwenye misiba ya watu.

Mameya walipita watano. Kila mmoja aliupokea kwa picha na tabasamu, uchaguzi ukaja, akaja mwingine, tukaanza upya. Tulichopata ni pikipiki kuondolewa vibarazani, na mabenchi ambayo mwaka uliofuata yaling'olewa. Mimi ndiye niliyebeba meza na viti miaka yote hiyo, na siku moja nilimwambia wazi, "Manang, wewe umechoka, mimi nimechoka, hata karatasi imechoka."

"Karatasi nitabadilisha," akasema. "Wewe pumzika hapo kidogo, halafu ubebe meza."

Moyo wake ulianza kusumbua mwaka 2023. Tarehe 11 Oktoba 2024 alianguka dukani. Gari la wagonjwa lilikwama kwenye kona ya kanisa, nyuma ya magari yaliyoegeshwa, likawa linapiga king'ora tu. Vijana waliozoea kucheza karata matangani walimweka kwenye kiti, wakambeba hadi kwenye gari. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini maneno hayakuisha: "Polepole, msinimwage. Mnaona? Miguu imefika kwanza."

Daktari alituambia kuwa kama Manang angefika hospitali mapema kidogo, moyo usingeharibika kiasi kile. Hilo linaniuma, na sitalisema kwa upole. Alirudi nyumbani, akalala miezi, na tarehe 6 Machi 2025, asubuhi, akafariki mikononi mwa Delfin. Wiki moja kabla ya hapo alinishika mkono. "Nizikeni upesi, joto kali. Ila mahema yaacheni."

Nilikwenda kwa Kapitan Golez, mwenyekiti wetu, kuomba mtaa ufungwe kwa msiba.

"Mpaka lini, Manong Selmo?" akauliza, kalamu mkononi.

"Mpaka tuanue matanga."

Aliandika hivyohivyo, bila tarehe, akapiga muhuri. Kisha akanitazama. "Na matanga yenu huchukua muda gani?"

"Inategemea na uchungu, Kapitan."

"Basi msijilazimishe kupoa," akasema.

Ameacha watoto wawili, Delfin, na Marivic aliyetufikia kutoka Riyadh, wajukuu wanne, mdogo wake, ambaye ni mimi, na majirani wote wa Almasen. Tukitoka makaburini turudi kwa miguu, na anayetaka kuingia na gari aje kwanza atupe pole, kwenye hema. Kahawa ipo, viti nimeshabeba. Karatasi iko mezani pamoja na chaki.

Manang ametembea vya kutosha, apumzike kwa amani. Sisi bado tumekaa matanga.