Ukurasa wa Arobaini na Moja

Basi halijatoka hata kituoni, binti wa sare ya shule aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshakariri ushahidi wake mara tatu: "Wanafunzi saba kati ya kumi walifaulu zaidi simu zilipopigwa marufuku shuleni."

"Hebu nione," alisema mama aliyeketi kando yake, ambaye miaka yote, alituambia bila kuulizwa, kazi yake ni kutoa fotokopi. Alipokea karatasi, fotokopi ya ukurasa wa kitabu, akaisoma mpaka chini. Nami nikarefusha shingo, sina haya.

"Mwanangu, ukurasa wa arobaini na moja uko wapi?"

"Namba iko kwenye huu wa arobaini, mama. Ndiyo niliyoitaka."

"Mstari wa mwisho hapa unasema, 'Hata hivyo, matokeo haya hayawezi kuaminika iwapo'. Iwapo nini?"

Binti alianza kukunja ncha ya karatasi. "Sijui. Kitabu nilikirudisha maktaba. Juzi nimekwenda kukiomba tena, nikaambiwa kimeazimwa."

"Na nani?"

Binti alitazama saa. "Fainali ya mdahalo ni saa nne, mama. Nikiiacha namba hii sina la kusema."

"Na ukiisema, wakakuuliza?"

Basi likasimama mbele ya ukumbi wa mdahalo. Binti aliinuka, karatasi mkononi. Kwenye kiti cha nyuma akainuka msichana wa sare ya shule nyingine, amekumbatia kitabu kinene chenye muhuri wa maktaba, kidole kikiwa katikati ya kurasa.

"Tangulia, dada," alisema kwa adabu.